Risiti Namba 0418

Upper Hill, ghorofa ya saba, Jumatatu ya kwanza.
Kiti changu kinalia kila nikigeuka,
na shahada yangu ya takwimu bado imo kwenye bahasha
kwa sababu sijui huku watu huziweka wapi.

Bi. Mwikali hanipi hotuba.
Ananipa sanduku la karatasi, rula, na kikombe kilichovunjika mkono.
"Wasema njia ya mwongo ni fupi," anasema.
"Uongo huo. Ni ndefu, ina madaraja, ina mihuri,
ina hata risiti za chai. Wewe itembee tu, polepole,
mpaka mahali alipochoka."

Chuoni namba zilikuwa watu watulivu.
Tulichora grafu zenye umbo la kengele, tukapewa alama.
Hakuna aliyetuambia kuhusu wino.

Siku nane nasoma maumivu ya watu nisiowajua:
jino la Kariobangi, goti la Ruaka,
mtoto wa Umoja aliyelazwa
katika zahanati yenye vitanda viwili
pamoja na wengine kumi na tisa, usiku uleule.
Nawaza walivyolala. Mshazari, pengine.
Odongo wa dawati la pili anacheka hadi anakohoa,
kisha anafungua jalada lake mwenyewe, hacheki tena.

Siku ya tisa:
duka la dawa, River Road, risiti namba 0417, mwezi wa Machi.
Duka lilelile, risiti namba 0418, mwezi wa Agosti.
Miezi mitano, na mji mzima haukuumwa kichwa.
Hakuna aliyenunua hata plasta.

Nilisimama. Kiti kikalia.
Bi. Mwikali alivaa miwani, akatazama, akasema, "Mm,"
na hiyo "mm" nikaibeba hadi Kasarani
kama mtu aliyebeba mayai.

Ambalo sikuambiwa siku ya mahojiano:
jicho likishafunguka halina saa ya kufunga kazi.
Nahesabu nyanya za mama mboga. Imepungua moja; namsamehe.
Namtazama mwenye nyumba akiandika risiti ya kodi,
anavyoikata saba yake katikati,
na hapo hapo naikumbuka saba nyingine,
yenye mshipi kiunoni, imeegemea kushoto.
Saba ya baba.

Baba alikuwa karani wa stoo, shule ya bweni, kule Kitale.
Desemba ile nikingoja kuingia kidato cha kwanza
alikaa mezani akifunga hesabu za mwaka,
vitabu viwili, kalamu ya buluu, kalamu nyeusi,
nami nimemshikia koroboi, namsomea:
magunia ya mahindi, arobaini.
"Arobaini na saba," alijiambia taratibu, akiandika.
"Panya nao hula."
Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa panya.
Januari karo yangu ililipwa siku ya kufungua shule,
noti mpya, zimenyooka.

Usiku natazama dari.
Naweza kuhesabu: saba, mara mihula kumi na miwili, mara bei ya gunia.
Siihesabu.
Ndiyo hesabu ya kwanza maishani niliyoikataa.

Mama amepiga simu, kuku wanagombana nyuma yake.
"Nasikia unashika wezi. Unawajuaje?"
Kwa mkono, mama. Kwa jinsi mkono unavyochoka.
Akanyamaza. Au mtandao ulikatika, siwezi kuapa.
"Baba yako anakusalimu," akasema baadaye,
"anauliza kama huko kuna baridi."

Asubuhi River Road inaningoja. Ripoti, ukurasa mmoja na nusu.
Mwenye duka ana jina. Ana watoto wawili kwenye fomu ya bima,
mmoja wa umri wangu nilipokuwa nikishika taa.
Nje korongo za ujenzi zinazunguka, hazina haraka.
Naandika tarehe. Naandika 0417. Naandika 0418.
Saba yangu, naona, nayo imevaa mshipi.